Kuifungia turbo injini ya 1HZ: Kazi ya chuma, oili na dizeli

Turbo ni pampu ya hewa inayoendeshwa na moshi wa injini yenyewe. Ndani yake mna shafti moja fupi yenye feni mbili, kila moja katika ganda lake la chuma. Moshi unaotoka kwenye silinda huizungusha feni ya kwanza, na kwa kuwa shafti ni moja, feni ya pili nayo huzunguka, ikavuta hewa kutoka kwenye chujio na kuisindilia ndani ya injini. Hewa ikiongezeka, mafuta mengi zaidi huweza kuungua katika silinda zilezile, na injini hutoa nguvu ambayo bila turbo ingedai injini kubwa zaidi.

Aliyebuni mtambo huo ni mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyeombea hataza mwaka 1905. Ilipita miaka 20 kabla hajafanikiwa kuiongezea injini ya dizeli nguvu kwa zaidi ya asilimia 40. Magari madogo ya kwanza kuuzwa yakiwa na turbo yalitoka Marekani mwaka 1962: Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair. Siku hizi lori la dizeli lisilo na turbo ni nadra kutoka kiwandani. Hata hivyo, barabarani bado yamejaa magari yaliyoundwa bila turbo, na baadhi ya wenye magari hayo huamua kuifunga wenyewe, nyumbani au katika gereji ya mtaani.

Seti ya namna hiyo huwa na vitu vya aina tatu. Kwanza ni turbo yenyewe, ambayo hununuliwa, mpya au iliyotumika. Pili ni vitu vya dukani: mipira ya hewa, klipu, gasketi na geji. Tatu ni vile ambavyo fundi hutengeneza mwenyewe: manifodi ya eksozi, bomba la kutolea moshi, mabomba ya hewa na njia za oili. Turbo haitengenezwi nyumbani kwa sababu shafti yake huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na katika kasi hiyo feni iliyozidi uzito upande mmoja, hata kidogo sana, hujivunja. Kusawazisha feni hizo kunahitaji mashine maalumu.

Kwa nini 1HZ

Kwa Afrika Mashariki, injini inayofaa kuwa mfano ni 1HZ ya Toyota, iliyoanza kuundwa mwaka 1990. Ndiyo iliyo ndani ya Land Cruiser nyingi za “mkonga”, magari ya wagonjwa, ya miradi na ya watalii. Ina silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ukubwa wa sentimita za ujazo 4,164, na nguvu za farasi kama 130. Inasifiwa kwa uvumilivu, ila mlimani na mzigo mgongoni hulalamikiwa kwa uvivu.

Uvivu huo una sababu iliyo nje ya injini. Dar es Salaam, kando ya bahari, hewa ina presha ya bar 1 na zaidi kidogo. Nairobi, iliyo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ina bar 0.82 hivi. Kwenye ukingo wa kreta ya Ngorongoro, mita 2,300 hivi, presha hushuka hadi karibu bar 0.77. Gari lililojaa watalii, mizigo na maji ya kunywa linapopanda kutoka Mto wa Mbu kwenda Karatu na kuendelea hadi Ngorongoro, injini isiyo na turbo hufika juu ikiwa imepoteza karibu robo ya hewa ambayo ingeipata Dar es Salaam, na nguvu hupungua kwa kiasi hichohicho.

Turbo inayosukuma bar 0.5 hubadilisha hesabu hiyo. Geji ya turbo husoma presha iliyozidi ile ya nje. Kwa hiyo kule Ngorongoro bar 0.5 ya geji huongezwa juu ya 0.77, na injini hupokea bar 1.27, yaani robo zaidi ya hewa ambayo ingeipata Dar es Salaam bila turbo. Hii ndiyo faida yake kubwa nyanda za juu: kwanza hurudisha kilichopotea, kisha huongeza.

Dizeli pia ni rahisi kuongezewa turbo kuliko petroli. Katika injini ya petroli, hewa na mafuta huingia silinda vikiwa vimeshachanganyika, na presha ikizidi, mchanganyiko hulipuka kabla ya wakati wake na kutoboa pistoni. Oldsmobile Jetfire ililazimika kuwa na tangi la maji yaliyochanganywa na methanoli ili kuupoza mchanganyiko huo. Wenye magari wengi waliacha tangi likauke, na hatimaye turbo nyingi zikang’olewa. Injini ya dizeli huvuta hewa tupu, na mafuta huingia mwishoni kupitia nozeli, hivyo hatari ya mlipuko wa mapema haipo. Hatari ya dizeli ni joto.

Kwa 1HZ, joto ni jambo la kuangaliwa zaidi. Dizeli yake huanza kuwaka katika vyumba vidogo vilivyo ndani ya silinda hedi, na mgandamizo wake umezidi 22 kwa 1. Toyota ilipounda ndugu yake mwenye turbo, 1HD-T, iliondoa vyumba hivyo, ikapeleka mafuta moja kwa moja juu ya pistoni, na kushusha mgandamizo hadi 18.6 kwa 1. Anayefunga turbo kwenye 1HZ hana mabadiliko hayo. Akiizidishia, silinda hedi hupasuka, mara nyingi kati ya vali au kando ya vyumba hivyo vya kuwashia. Ndiyo maana presha inayopendekezwa kwa injini hii ikiwa haijafunguliwa ni bar 0.5, sawa na pauni 7 kwa geji ya upepo wa matairi, na si zaidi sana ya hapo.

Kuchagua turbo

Turbo huchaguliwa kwa kiasi cha hewa inayopita. Injini ya lita 4.2 ikizunguka mara 3,800 kwa dakika huvuta hewa kwenye silinda zote mara 1,900 kwa dakika. Kama silinda zingejaa kabisa, hizo zingekuwa lita 7,900. Kwa kawaida hujaa asilimia 80 hadi 85, hivyo hewa halisi ni kama kilo 8 kwa dakika. Ikiongezwa bar 0.5 na kupozwa, hufika kilo 11. Turbo inayotafutwa ni ile inayosukuma kiasi hicho bila kuchoka, na inayoanza kusukuma mapema, injini ikiwa kwenye mizunguko 1,500 hadi 1,800.

Turbo kubwa kupita kiasi huchelewa kuamka, na gari la mlimani hubaki likitoa moshi mweusi huku likiisubiri. Ndogo kupita kiasi huziba njia ya moshi mizunguko ikipanda, na joto hurundikana ndani ya injini. CT26, ambayo Toyota yenyewe iliifunga kwenye 1HD-T, inaonyesha ukubwa unaofaa, kwa kuwa injini hizo mbili zinalingana kwa lita.

Turbo iliyotumika hukaguliwa dukani kabla ya fedha kutoka mfukoni. Shafti hushikwa kwa vidole viwili na kusukumwa mbele na nyuma kwa kufuata urefu wake: isisikike ikicheza kabisa. Kisha husukumwa juu na chini: hapo mchezo kidogo ni wa kawaida, kwa sababu shafti huelea juu ya utando wa oili, lakini feni isiguse ganda. Ncha za feni zisiwe na mapengo wala alama za kusuguana. Mdomo wa kutolea hewa ukiwa umelowa oili, sili zimekwisha. Ganda la upande wa moshi huangaliwa kwa tochi kama lina nyufa, na kilango cha kupunguzia moshi, ambacho mafundi hukiita westigeti, hujaribiwa kama hufunguka na kufunga bila kukwama.

Manifodi

Manifodi ndiyo kazi kubwa kuliko zote, na ndiyo inayoonyesha ufundi wa mtu. Huanza na gasketi ya manifodi ya zamani, ambayo hulazwa juu ya bamba la chuma la milimita 10 hadi 12 na kuchorwa kama mchoro wa kukatia. Bamba hilo ndilo huwa flanji ya kushikia silinda hedi. Flanji ya upande wa turbo hukatwa kwa njia hiyohiyo, kwa kufuata gasketi ya turbo.

Bomba linalofaa ni la chuma cheusi lenye ukuta mzito. Bomba la inchi moja na nusu la aina hiyo lina kipenyo cha nje cha milimita 48.3 na ukuta wa milimita 3.7 hivi. Kona zake hununuliwa zikiwa tayari, zile za kuchomelea, zisizo na nyuzi. Bomba la mabati halitumiki kabisa: zinki yake ikichomwa hutoa moshi mweupe wenye sumu, na fundi aliyeuvuta hujikuta usiku akitetemeka kama mwenye malaria.

Kabla ya kuchomelea, turbo huwekwa mahali itakapokaa, ikishikiliwa kwa waya au vipande vya mbao, kisha boneti hufungwa. Huangaliwa kama inagusa boneti, nguzo ya usukani, mabomba ya breki au nyaya, na kama tundu la kurudishia oili linatazama chini. Hapo ndipo mabomba hukatwa na kushikizwa kwa nukta chache za welda, yakaondolewa yakiwa kipande kimoja.

Uchomeleaji wenyewe hufanywa flanji ikiwa imefungwa kwa bolti kwenye silinda hedi mbovu au bamba zito, la sivyo joto huipinda. Mshono hupigwa vipande vifupi kwa kupokezana: silinda ya kwanza, kisha ya sita, kisha ya tatu. Kazi ikiisha, manifodi huachwa ipoe taratibu ikiwa bado imefungwa, bila kumwagiwa maji. Baadaye hupelekwa kwa wachonga vyuma ili uso wa flanji usawazishwe kwa mashine, maana hata iliyofungwa vizuri hupinda kidogo.

Ndani ya mabomba hukwanguliwa na kusafishwa mpaka pasibaki hata tone la chuma la welda. Punje moja ikibanduka huenda moja kwa moja kwenye feni ya moshi iliyo katika mizunguko 100,000, na turbo huishia hapo.

Chuma kikipata moto hurefuka, na injini ya silinda sita ina manifodi ndefu. Nusu mita ya chuma cha kawaida ikipanda kwa nyuzi 600 za Selsiasi hurefuka kwa zaidi ya milimita 3.5, chuma kisichoshika kutu hufika 5. Silinda hedi, inayopozwa na maji, hairefuki kwa kiasi hicho. Manifodi isiyopewa nafasi hukata bolti au hupasuka kwenye mshono. Kwa hiyo matundu ya bolti za pembeni hutobolewa kwa upana zaidi, na flanji ikishachomelewa hukatwa kwa msumeno kati ya tundu na tundu ili kila sehemu isogee yenyewe. Turbo nayo hupewa mkono wa kuishikilia kutoka kwenye bloku, ili uzito wake usining’inie kwenye mishono.

Baada ya turbo, moshi hupewa njia pana. Bomba la inchi tatu hutosha kwa injini hii, na kipande chenye kunyumbuka huwekwa karibu na mwanzo wake, kwa sababu injini hutikisika wakati eksozi imefungwa kwenye chasisi. Bamba la kukinga joto hutenganisha turbo na nyaya, mabomba ya dizeli na ya breki.

Oili

Turbo nyingi zinazofungwa nyumbani hufa kwa sababu ya oili. Bomba la kuingiza oili ni jembamba, hutoka kwenye njia kuu ya oili ya injini, mara nyingi kwa kuongeza kiungo cha njia tatu mahali palipo na swichi ya presha ya oili. Ni lazima listahimili joto na lisipite karibu na manifodi.

Bomba la kurudisha ni habari nyingine. Oili hutoka kwenye turbo ikiwa haina presha tena, imejaa povu, na hushuka kwa uzito wake tu. Bomba hilo huwa pana, milimita 16 hadi 19 kwa ndani, lishuke moja kwa moja bila bonde wala kona kali, na liingie kwenye sampu juu ya usawa wa oili. Likiingia chini ya usawa huo, oili hurudi nyuma, hupenya sili na kuvuja kwenye eksozi. Mwenye gari huona moshi wa buluu na kuilaumu turbo, kumbe kosa liko kwenye bomba.

Sampu hushushwa kabla ya kutobolewa. Kuitoboa ikiwa kwenye injini huacha vumbi la chuma ndani ya oili, na vumbi hilo hufika kwenye beringi za injini na za turbo.

Hewa na intakula

Hewa ikigandamizwa hupata joto. Hewa ya nyuzi 30 ikisindiliwa kwa bar 0.5 hutoka kwenye turbo ya kawaida ikiwa na nyuzi 80 na zaidi. Intakula, ambayo ni rejeta ya hewa, huweza kuishusha hadi karibu 46. Tofauti hiyo huiongezea injini hewa kwa zaidi ya asilimia 10, presha ikiwa ileile, na hupunguza joto la moshi. Kwa presha ndogo baadhi ya mafundi huiacha, lakini kwa gari la kubeba mzigo milimani ina kazi yake.

Mabomba ya hewa hutengenezwa kwa alumini au chuma chembamba, na kila mwisho huwekewa ukingo ulioinuka ili mpira usichomoke presha ikipanda. Upimaji wa uvujaji ni rahisi: mdomo wa kuingizia hewa kwenye turbo huzibwa kwa kifuniko chenye vali ya tairi, upepo huingizwa kidogo kidogo kwa kompresa hadi bar 0.5, na maji ya sabuni hupakwa kwenye kila kiungo. Panapotoa povu hukazwa upya.

Dizeli na joto la moshi

Turbo peke yake huongeza nguvu kidogo tu. Nguvu huja pale pampu ya dizeli inapofunguliwa itoe mafuta zaidi ili kuendana na hewa iliyoongezeka, na hapo ndipo injini nyingi huharibiwa. Katika dizeli, mafuta yakizidi hewa, moshi huwa mweusi na joto hupanda. Hewa ikizidi mafuta, joto hushuka.

Skrubu ya mafuta ya pampu ikifunguliwa tu, mafuta huongezeka hata kabla ya turbo kuamka, na gari hutoa wingu jeusi kila linapoondoka. Njia bora ni kuipa pampu kifaa chenye kiwambo kinachosukumwa na presha ya turbo, kinachoongeza mafuta pale tu hewa inapofika. Kazi hiyo ni ya mafundi wa pampu, wenye benchi la kupimia.

Geji ya joto la moshi ni ya lazima. Kihisi chake huchomekwa kwenye manifodi, mahali mikondo ya silinda zote inapokutana kabla ya turbo, na tundu lake hutobolewa manifodi ikiwa bado mezani. Kwa safari ndefu, ukomo unaokubalika na wengi kwa dizeli za aina hii ni nyuzi 700 hivi. Pistoni ni ya alumini, ambayo ikiwa tupu huyeyuka kwenye nyuzi 660. Husalimika kwa sababu moto huigusa kwa muda mfupi, kisha hupozwa na oili na kuta za silinda. Joto likikaa juu mlima mzima, nafuu hiyo huisha.

Kipimo cha mwisho hufanywa mahali gari litakapofanyia kazi. Kifaa cha kiwambo hufuata presha ya geji. Gari lililowekwa sawa Dar es Salaam likipelekwa Ngorongoro hupewa mafuta yaleyale, ilhali hewa ni bar 1.27 badala ya 1.5. Litatoa moshi mweusi na geji ya joto itapanda. Gari la nyanda za juu huwekwa sawa nyanda za juu.

Kuwasha mara ya kwanza

Kabla ya injini kuwashwa, oili safi humiminwa kwenye tundu la kuingizia oili la turbo na feni huzungushwa kwa kidole. Waya wa kizimio cha pampu ya dizeli huchomolewa, kisha stata hupigwa kwa vipindi vifupi mpaka oili ionekane ikirudi kupitia bomba la chini. Ndipo waya hurudishwa na injini kuwashwa, ikaachwa kwenye silensa kwa dakika chache huku kila kiungo kikikaguliwa. Mikono na vitambaa vikae mbali na mdomo wa turbo uliofunguliwa.

Baada ya safari fupi ya kwanza, injini ikipoa, bolti zote za manifodi hukazwa tena. Oili na chujio lake hubadilishwa mapema kuliko kawaida ili kuondoa uchafu wa kazi. Dereva naye hubadili tabia: akimaliza mlima au mwendo mkali, huiacha injini iungurume dakika moja au mbili kabla ya kuizima, la sivyo oili iliyobaki kwenye shafti ya moto hugeuka kaa na kuziba njia yake.

Nguvu ikiongezeka, vingine navyo huguswa. Klachi iliyochoka itateleza, rejeta iliyoziba itachemsha, na breki zilizotosha kwa gari la farasi 130 zikaguliwe. Kampuni ya bima iarifiwe pia, kwa kuwa dai la gari lililobadilishwa kimyakimya linaweza kukataliwa.

Injini inayokula oili, yenye silinda hedi iliyowahi kuchemka au mgandamizo usiolingana haifai kufungiwa turbo, itengenezwe kwanza. Iliyo nzima, ikipewa bar 0.5, oili safi na geji inayoangaliwa, hufanya kazi kwa miaka. Anayetaka nguvu zaidi ya hapo atatumia fedha kidogo akitafuta 1HD-T nzima kuliko kununua silinda hedi ya pili ya 1HZ.